Nyumba iko bondeni na simu haishiki: intaneti nitaiingiza vipi?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Tumehamia nyumba tuliyoijenga huku ndani, mbele ya Mwakirunge, nje kidogo ya mji wa Mombasa, bondeni. Simu haishiki, si ya kupiga si ya data. Mpaka tupande kilimani kwa shemeji yangu, kama kilomita mbili kutoka kwetu, ndipo laini zinarudi. Mke wangu husomesha wanafunzi kwa video kila jioni, na kijana wetu yuko chuo. Stima tunayo lakini hukatika. Muuzaji mmoja mjini ataka kuniuzia buusta, mwengine aniambia ninunue dishi la setilaiti. Pesa niliyonayo ni ya kununua kitu kimoja tu. Nifanye nini?

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na hilo la buusta kwa kuwa ndilo lenye haraka: usiinunue.

Buusta haizalishi mtandao. Huchukua mawimbi yaliyofika kwenye antena yake ya nje, huyakuza, kisha huyamwaga ndani ya nyumba. Yasipofika, hakuna cha kukuza. Kipaza sauti cha msikiti hakiadhini bila muadhini. Kifaa hicho kina faida kwenye nyumba ya ghorofa pale Tudor au Kizingo, ambayo juu ya paa simu inashika vizuri lakini vyumba vya chini vimezibwa na saruji. Kwenu hali ni nyengine kabisa. Tena nyingi kati ya zile zinazouzwa madukani hazina idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kukitumia kifaa cha kurusha mawimbi bila idhini ni kosa kisheria. Sababu yake ni ya haki: buusta mbovu huchafua masafa ya mlingoti ulio karibu, na majirani wakabaki simu zao zinakatika bila kujua kwa nini. Muuzaji akikwambia "jaribu tu", mwambie akufungie ajaribu yeye, ikishika ndipo umlipe. Utaona kama atakuja.

Sasa, kabla hujatoa shilingi, nataka upime. Umesema simu haishiki. Haishiki ukiwa wapi? Wengi hupima wakiwa sebuleni, au uani chini ya mwembe, wakaihukumu nyumba nzima. Bonde haliyazuii mawimbi yote sawasawa. Mitandao ya simu hutumia masafa mbalimbali, na yale ya chini, kama ya megahezi 800, hujipinda kidogo yanapopita ukingo wa kilima na hupenya majani vizuri kuliko ya megahezi 1,800 au 2,600. Kwa hivyo kupanda mita tano au sita, tuseme kutoka uani mpaka juu ya mnara wa tangi la maji, kwaweza kukufikisha pale ambapo mawimbi yanapita juu ya kichwa chako bila wewe kujua.

Panda hapo na simu ya Android. Ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, na mbele yake alama ya kutoa. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao unavyokuwa na nguvu. Kutoa 85 ni mzuri. Kutoa 105 ni dhaifu lakini hutumika. Ukifika kutoa 115 uko ukingoni. Zile baa zilizo juu ya kioo usizitegemee, kwa kuwa kila mtengenezaji wa simu huzichora apendavyo. Fanya hivyo kwa laini ya Safaricom, ya Airtel na ya Telkom, moja moja, na kila moja uipe dakika mbili tatu itafute, maana simu iliyokata tamaa huacha kutafuta ili kuokoa betri. Izime na uiwashe upya ukiwa huko juu.

Ukipata namba kama kutoa 115 au bora zaidi, basi huna haja ya kusoma mbele sana: nunua rauta ya nje ya 4G, ile ambayo antena na mashine viko ndani ya boksi moja lisilopitisha maji, uifunge pale juu, na chini ushushe waya wa mtandao tu. Kuna wanaofunga antena juu na rauta sebuleni, kati yao waya mwembamba wa antena wa mita kumi. Waya huo hula zaidi ya nusu ya kile ulichohangaika kukikamata. Waya wa mtandao hauna shida hiyo. Waenda hadi mita 100 bila kupoteza kitu na hupeleka umeme juu kwa njia hiyohiyo.

Kwa maelezo yako nadhani hutapata kitu. Lakini ni kazi ya saa moja na haina gharama, na ukipata utakuwa umeokoa pesa nyingi.

Tuchukulie hukupata. Hapo ndipo nakwambia kwamba mali yako iko kwa shemeji.

Watu hulitazama tatizo kama lako wakaona wako mbali na intaneti, ilhali hapa kwetu mara nyingi mtu hayuko mbali nayo, amezibwa tu. Kebo za baharini zinazolisha sehemu kubwa ya Afrika Mashariki zinatokea ufuoni hapahapa Mombasa: SEACOM na TEAMS zilianza kazi 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyengine zimeongezeka baadaye. Kabla ya mwaka ule nchi nzima ilikuwa ikitegemea setilaiti. Kutoka ufuo huo mpaka bondeni kwenu ni mwendo wa gari wa muda mfupi. Kinachokosekana ni kipande cha mwisho, na kipande hicho kwako ni kilomita mbili tu, kutoka kwa shemeji mpaka kwako. Kwa anayepanda kwa miguu na jua la saa saba ni mwendo. Kwa redio ni karibu mno.

Mpango wenyewe ni huu. Kwa shemeji unaweka rauta ya SIM, au faiba siku ikifika huko. Kutoka kwenye rauta unapandisha waya mpaka kwenye redio ndogo iliyofungwa juu ya paa lake, ikatazama kwako. Kwako unafunga redio pacha yake, ikatazama kwake. Kutoka hapo waya unaingia ndani kwenye rauta ya Wi-Fi ya kawaida. Redio hizo hutumia masafa ya gigahezi 5, na zinatengenezwa na kampuni kama Ubiquiti, MikroTik na TP-Link. Mafundi wa mitandao wa Mombasa wanazijua sana kwa kuwa ndizo hutumika kuunganisha mahoteli, maghala na kamera za ulinzi. Chukua zile zenye dishi dogo au bapa lenye mwelekeo mmoja. Zile za kumwaga mawimbi pande zote hazikufai.

Sharti ni moja nalo halina mjadala: nyumba hizo mbili lazima zionane. Gigahezi 5 haipindi kilima wala haitoboi mnazi. Kuna njia nyepesi ya kupima. Mchana wa jua, mtoto apande juu ya paa la mjomba wake na kioo cha kujitazamia, akimulikize kuelekea kwenu. Wewe uwe juu ya tangi unatazama. Ukiona kimeta, mnaonana. Usiku tochi kubwa hufanya kazi hiyo pia. Msione haya majirani wakiuliza, hata makampuni makubwa yalipima hivi zamani.

Ila kuonana kwa macho hakutoshi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mawimbi hayapiti kwenye mstari mwembamba kama macho yanavyodhani. Yanajaza nafasi inayotanuka kadiri unavyokwenda katikati ya safari, kisha ikabana tena. Kwa kilomita mbili na masafa ya gigahezi 5.8, nafasi hiyo pale katikati ina upana wa kama mita 5 kutoka kwenye mstari kwenda kila upande. Angalau asilimia 60 yake iwe wazi, yaani mita 3 juu, chini, kulia na kushoto. Kwa hivyo mnazi ambao ncha ya makuti yake iko mita moja tu chini ya mstari wa macho utakusumbua ijapokuwa hauzibi kitu unachokiona. Pepo za kusi zikianza, makuti yanapeperuka na kasi yako itapanda na kushuka nayo. Mvua ikinyesha ni mbaya zaidi, kwa sababu majani yaliyolowa hunywa mawimbi haya. Mwembe nao haupukutishi majani, usiusubiri.

Dawa ni kuinua, si kukata miti ya watu. Nguzo ya bomba la chuma la mita sita juu ya ukuta imara, yenye nyaya tatu za kuishikilia, mara nyingi humaliza mambo. Na ukiinua, inua na ziada ya miaka ijayo. Mnazi mchanga unaouona leo uko chini ya mstari wako utaufikia.

Ikiwa hamuonani kabisa, tafuta pahala pa tatu panapoziona nyumba zote mbili: duka, madrasa, skuli, au hata kipande cha shamba ambapo mtu mwema atakuruhusu kusimamisha nguzo na paneli ndogo ya sola. Mruko mmoja wa katikati naukubali. Miwili siipendi kwa nyumba ya mtu, kwa sababu kila nguzo ni mahali pengine pa kuibiwa betri na pengine pa kupanda usiku wa mvua.

Sasa nizungumze jambo ambalo mafundi hawalisemi. Intaneti ya nyumba yako itakuwa inaishi nyumbani kwa mwengine. Siku tokeni zikimwishia shemeji, darasa la mkeo limekatika. Siku mpwa wako akichomoa plagi achaji simu, limekatika. Kwa hivyo zungumzeni mapema kama watu wazima. Rauta na redio kwa pamoja hula kama wati 20, maana yake nusu uniti kwa siku, uniti 15 hivi kwa mwezi. Mnunulie tokeni hizo kila mwezi bila kungoja akumbushe, na yeye aitumie Wi-Fi hiyo bure kwake. Fundi agawanye kasi, ili nyumba ya juu isimalize yote wakati wa filamu. Mitambo ikae kwenye kiboksi kilichofungwa, chenye soketi yake, kisichochomolewa. Heshima kati ya nyumba mbili ndiyo itakayoubeba mtandao huu kuliko hiyo nguzo.

Na kabla hujafunga chochote, kapime kasi kwa shemeji saa mbili usiku, si saa nne asubuhi. Mkeo husomesha jioni, nayo jioni ndiyo saa ambayo kila mtu yuko mtandaoni. Tazama hasa kasi ya kupandisha, kwa sababu mwalimu ndiye anayetuma picha na sauti. Darasa la video la kundi lataka kama megabiti 3 kwa sekunde kushuka, na kiasi hichohicho kupanda. Weka mara mbili yake ili kijana naye asome. Laini ipi inayofanya vizuri saa hiyo ndiyo ya kununulia kifurushi cha nyumbani. Vifurushi vya aina hiyo huuzwa kwa kasi badala ya GB, lakini vina kiwango ambacho ukikipita kasi hushushwa. Uliza kiwango hicho kabla ya kulipa.

Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwako kama mnaonana. Unalipia kifurushi kimoja kinachohudumia nyumba mbili, mitambo inatengenezeka na fundi wa hapahapa, na siku faiba itakapofika kilimani utabadilisha rauta ya juu tu, mengine yote yatabaki.

Kama hamuonani na pahala pa katikati hapapatikani, nunua setilaiti na usijute.

Setilaiti haijali kilima kama watu wanavyohofia. Tazama madishi ya televisheni ya Mombasa: mengi yanatazama juu sana, kwa sababu tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta na setilaiti hizo zimesimama juu ya ikweta. Hata aliye bondeni huipata televisheni. Lakini kwa intaneti, setilaiti zilizosimama ziko kilomita 35,786 juu, na ujumbe kwenda na jibu kurudi kwachukua kama nusu sekunde au zaidi. Barua pepe haijali. Darasa la video lajali sana: mwalimu anauliza, kimya, wanafunzi wanajibu wote pamoja juu ya sauti yake. Kwa kazi ya mkeo huduma za aina hiyo usizichukue hata zikiwa rahisi.

Zinazomfaa ni zile zinazozunguka chini. Starlink, iliyoanza kuuza Kenya Julai 2023, setilaiti zake ziko kama kilomita 500 hivi juu, na ucheleweshaji wake ni sehemu ndogo tu ya sekunde, hauhisiki katika mazungumzo. Kifurushi chake cha kawaida cha nyumbani kilikuwa kikiuzwa Sh 6,500 kwa mwezi, na kuna vidogo kuliko hicho. Bei na masharti hubadilika, kwa hivyo tazama ya siku unayonunua. Usinunue kilichotumika mpaka mwenyewe wa kwanza akiondoe kwenye akaunti yake ukiwa unaona. Kifaa kilichobaki kwenye akaunti ya mtu mwengine hakitakusaidia kitu.

Kwa setilaiti hizi adui wako ni mti, si kilima. Kifaa hukaa kimya lakini ndani yake chafuata setilaiti moja baada ya nyengine zikipita mbinguni, kwa hivyo chahitaji kuona eneo pana la anga. Kilima kilicholala mbali hakikudhuru. Mwembe ulio mita nane kutoka kwenye paa utakukatia sekunde chache kila baada ya dakika kadhaa, na hizo sekunde ndizo zitakazokata sauti ya mwalimu. Na kuna jambo la watu wa ikweta ambalo video za Wazungu hazilisemi: ule ukanda wa setilaiti za televisheni unapita juu ya vichwa vyetu, na setilaiti za chini zinatakiwa zisiuingilie. Kifaa kilichoko Mombasa hakiwezi kutegemea kijisehemu cha anga kilicho wima juu yake kama cha Ulaya. Lazima kione vizuri kaskazini na kusini. Uwazi mdogo katikati ya minazi, kama kisima cha anga, haukutoshi hata kama ukitazama juu waona mbingu.

Programu yao ya simu ina sehemu ya kupima vizuizi kwa kamera, nayo yatumika hata kabla hujanunua. Ipakue ukiwa kwa shemeji, ushuke nayo. Pima uani, juu ya paa, na juu ya mnara wa tangi. Ikiwa paa ni la makuti, usifunge juu yake hata kidogo: makuti hayashiki skrubu, upepo utakitikisa, na siku ya kuezeka upya utaanza kazi moja. Simamisha nguzo yake pembeni, yenye msingi wa zege.

Stima. Kifaa cha kawaida cha Starlink hula wati 75 hadi 100. Kikiwaka mchana na usiku ni karibu uniti mbili kwa siku, zaidi ya uniti 50 kwa mwezi, na hiyo ni gharama ya kuongeza juu ya kifurushi. Kile kidogo, Mini, hula wati 25 hadi 40, na rauta yake imo ndani. Kwa nyumba yenye mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja na stima ya kukatika, mimi ningechukua Mini kama kifurushi kinaruhusu. Betri moja ya litiamu ya volti 12 na 100Ah ina karibu wati-saa 1,280, yaani yaweza kutoa wati 1,280 kwa saa moja. Mini itakaa nayo siku nzima na usiku wake, kifaa kikubwa kitakaa nusu siku. Betri ya asidi ya ukubwa huohuo ihesabu nusu, kwa sababu ukiikausha zaidi ya hapo unaiua. Kama wataka sola, paneli ya wati 200 kwa jua letu la kama saa tano kamili hutoa, baada ya kupoteza njiani, karibu wati-saa 750 kwa siku. Hicho ndicho hasa Mini inachokula, bila akiba. Weka paneli za wati 300 au 400 ili siku za mawingu za masika zisikukute huna kitu. Na ndani ya programu kuna mpangilio wa kuyeyusha theluji, uzime kabisa. Unakula stima bila faida yoyote kwetu.

Ukienda njia ya redio, upande wako wahitaji wati zisizozidi 20 na UPS ndogo ya rauta yatosha. Angalia volti tu: redio nyingi ni za volti 24 na UPS nyingi za dukani ni za 12.

Ufungaji wenyewe, njia yoyote utakayoichukua, ufanywe ukijua uko pwani. Chumvi haiishii ufuoni. Hewa ya bahari na ya mito ya maji ya chumvi inayoingia ndani hufika mbali, na skrubu ya kawaida ikishika kutu mwaka wa pili hutaweza kugeuza kifaa bila kuikata. Tumia chuma cha pua cha daraja la 316, au mabomba yaliyochovywa zinki, si yaliyopakwa rangi ya fedha. Waya uwe wa nje, mweusi, wenye kustahimili jua. Ule wa kijivu wa ndani hupasuka ganda. Kabla waya haujaingia ndani, uache uning'inie chini kidogo ndipo upande kwenye tundu, ili maji ya mvua yadondokee nje yasifuate waya mpaka kwenye mashine. Kila kiungo cha nje kizungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha. Matundu ya kiboksi yazibwe vizuri, maana sisimizi hupenda joto la mitambo na mjusi kafiri hupenda sisimizi, na mmoja akikauka juu ya saketi ndio mwisho wake. Kunguru nao hudonoa waya uliolegea, na tumbili wa msituni hukata. Uingize kwenye bomba la plastiki kutoka juu hadi chini. Nguzo iliyo kilimani kwa shemeji lazima iwe na waya wa ardhi na kifaa cha kuzuia radi mwanzoni mwa waya wa mtandao. Hili usilikubali liahirishwe "tutakuja kuweka baadaye".

Kuna jambo la mwisho ambalo wengi hulijua baada ya kulipa, nami nataka ulijue sasa. Intaneti ikifika, laini yako ya simu bado itabaki imekufa hapo nyumbani. WhatsApp itapiga, video itakwenda, lakini SMS za kawaida hazitaingia, na kwa hivyo namba za siri za benki hazitaingia. Lile ombi la kuweka PIN ya M-Pesa huja kwa mtandao wa simu, si kwa Wi-Fi. Namba 999 na 112 pia huzipati bila mtandao wa simu. Kwa hivyo fanyeni haya mkiwa kilimani: sajilini WhatsApp na programu za benki katika kila simu, hamisheni uthibitisho wa akaunti za barua pepe na za chuo kutoka SMS kwenda kwenye programu, na lipieni kifurushi siku kadhaa kabla ya kuisha, si siku kilipokatika. Kundi la WhatsApp kati yenu na shemeji liwe ndilo njia ya dharura, na mmoja wao huko juu ajue kwamba akipata ujumbe usiku apige simu kwa niaba yenu. Kuna wanaoacha simu kuukuu yenye laini yao kwa jamaa iwe inawapokelea SMS. Sikushauri. Laini iliyofungamana na pesa zako haiachwi nyumba nyengine, hata ya ndugu.

Majirani wa bondeni wakikuomba uwauzie, ngoja kwanza. Kuuza intaneti kwahitaji leseni ya Mamlaka, na watoa huduma wengi wanakataza kuuza tena kifurushi cha nyumbani. Lakini tangu 2021 kuna utaratibu wa Mamlaka wa leseni za mitandao ya jamii, uliowekwa kwa ajili ya vijiji kama chenu. Nyumba zikifika kumi zinazotaka, hilo ni jambo la kukaa kitako na kulizungumza na mzee wa mtaa.

Kwa sasa anza na kioo na mnara wa tangi, Jumamosi hii ikiwa jua limewaka. Kisha niandikie namba tatu za dBm ulizozipata, kasi ya kupandisha kwa shemeji saa mbili usiku, na picha mbili ulizopiga ukiwa juu ya tangi, moja ikitazama kwake na moja ikitazama kaskazini. Nikiziona hizo nitakwambia urefu wa nguzo na ununue redio ipi, au kama ni setilaiti, uisimamishe upande gani wa nyumba.